Asubuhi Kivuli Chake, Alasiri Changu

Jirani yangu wa upande wa magharibi anauza vitumbua. Huanza kukaanga kabla jua halijachomoza, na ikifika saa mbili na nusu, jua la Tanga likiwa limeshaanza kuuma, yeye na wateja wake wamo kivulini. Kivuli hicho ni cha mti wangu. Mimi kivuli cha asubuhi sipati hata chembe. Changu huja baada ya adhuhuri, jua likishavuka utosi na kuanza kuteremka upande wake, ndipo kinaporuka ukuta na kujitandaza uani kwangu mpaka magharibi.

Tulipogombana kuhusu mti huu, mti wenyewe ulikuwa haujatufika hata kiunoni.

Ni mkwaju. Watu wa mpira wakisikia neno hilo wanawaza penalti, na wale waliosoma zamani wanawaza fimbo ya mwalimu wa zamu. Mimi nami ni mwalimu, kwa hiyo utani huo nimeshausikia wote, usijisumbue.

Kiwanja tulikipata 2013, nje kidogo ya mji kwenye njia ya Pongwe, mita 20 kwa 30. Anayezijua sehemu zile anajua kilichoko chini: udongo kidogo juu, kisha jiwe la chokaa. Ukipiga sululu inakurudishia. Fundi aliyetuchimbia msingi alivunja mipini miwili, na wa tatu akatudai sisi. Nyumba ikasimama, tukahamia, na kiangazi cha kwanza kikatufundisha kosa letu: chumba cha watoto tulikiweka magharibi. Jua la alasiri lilikuwa linaupiga ule ukuta wa tofali tangu saa nane, na saa nne za usiku ukiuwekea kiganja bado unafukuta kama jiko lililozimwa sasa hivi. Watoto wakawa wanalala sebuleni.

Tulihitaji kivuli, lakini maji hatukuwa nayo. Bomba wakati ule lilikuwa halijafika mtaani kwetu, na maji tulikuwa tunanunua kwa madumu yanayoletwa na vijana wa baiskeli, manne manne nyuma ya kiti. Mti wowote ambao ningepanda ungepaswa kukaa na kijani chake Januari na Februari, kaskazi ikivuma na ardhi ikipasuka, bila mimi kuupa maji ya kunywa ya watoto.

Ushauri haukukosekana. Baba watoto alitaka mkrismasi, kwa sababu ya maua. Fundi alitaka ile miti ya Kihindi mirefu myembamba inayopangwa ukutani kama gwaride, ati ndiyo nyumba za kisasa. Wengine wote, kuanzia mama mkwe mpaka dereva wa bodaboda, walisema mwarobaini.

Mkrismasi siuchukii. Ukichanua Desemba hakuna mti unaoufikia kwa uzuri. Lakini asili yake ni Madagaska, mizizi yake hutambaa juu juu na kunyanyua sakafu, na penye kiangazi kirefu hupukutisha majani wakati uleule unapoutafuta kivuli. Ile miti ya gwaride haina kivuli cha kukalia hata kuku. Mwarobaini sina neno nao, ni mvumilivu kweli na ni dawa, ila nao umetoka Bara Hindi, na ukisimama barabarani kwetu ukahesabu miti kumi, sita ni mwarobaini.

Sisi Watanga tuna historia ndefu na mimea ya wageni. Mkonge uliotupa jina asili yake ni Meksiko. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliuleta 1893: vilitoka vichipukizi elfu moja Florida, Marekani, vikafika 62 vikiwa hai, na kutokana na hivyo 62 yakaja mashamba yote, makambi, na babu zetu waliokata mkonge. Huko juu Amani, milima ya Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1902, walipanda miti ya kila bara. Mmoja wao, Maesopsis eminii, ambao kwao ni upande wa Ziwa Victoria na magharibi zaidi, ulitoka bustanini ukaingia msituni wenyewe na hautaki kutoka. Basi nikajiambia, katika kiwanja changu hiki kimoja, nipande mti ambao ulikuwepo kabla ya meli zote hizo.

Nikauchagua mkwaju, na baba watoto akacheka: "Si ndio wa India huo?"

Hapo ndipo jina linapompotosha mtu. Waarabu waliliita tunda lake tamr hindi, tende ya India. Wazungu wakalichukua jina wakalikunja kwa ndimi zao, na Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, alipouandika mti huu kitabuni 1753 akauita Tamarindus indica, akaongeza India mara ya pili kana kwamba mara moja haikutosha. Na bado mti wenyewe ni wa Afrika ya tropiki. Ni wa jamii ya kunde, na katika jenasi yake upo peke yake, hauna ndugu. Kiswahili hakikuhangaika na India wala tende. Kikasema mkwaju, basi.

Mbegu nilipewa na bibi yangu, mama yake mama, huko kwao Mkinga. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kilichonileta siku isiyo ya sikukuu, nikamwambia.

"Mkwaju? Nyumbani?" Akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, na wenyewe umeshaongea nao?"

Wenyewe ni mashetani. Pwani nzima inajua kwamba mbuyu na mkwaju ni nyumba za watu wasioonekana, kwamba hulali chini yake, hasa adhuhuri, na usiku ukipita unapita na dua mdomoni. Sitaki kuwakebehi wanaoamini. Bibi mwenyewe ana mkwaju nyuma ya jiko, una miaka mingi kuliko yeye, na chini yake huanika mpunga, husuka ukili, hugombana na wajukuu. Nilipomkumbusha akasema ule wa kwake wamezoeana.

Nina maelezo yangu, ya kimwalimu mwalimu. Vijani vya mkwaju, vile vidogo vilivyopangwa jozi jozi, hujikunja jua likizama. Ukiupita magharibi umefunguka na ukiurudia isha umefumba, hata mimi ningeshtuka. Na chini ya mkwaju mkubwa nyasi hazisitawi, ardhi huwa tupu, imefagiwa na nani hujui. Vitu viwili hivyo vinatosha kumpa mtu hadithi.

Akanipa mbegu kumi na mbili kwenye kipande cha kanga. Ni ngumu, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa vanishi. Ukizifukia hivihivi zinaweza kukaa muda mrefu bila kushtuka. Nilizisugua upande mmoja kwenye sakafu ya saruji mpaka ule weupe wa ndani ukachungulia, nikaziloweka kwenye maji ya vuguvugu usiku mmoja, nikazitia kwenye viriba vyenye udongo na samadi iliyooza vizuri. Wiki ya pili zikaanza kutoka, tisa kati ya kumi na mbili. Nikajiona bwana shamba.

Nilichokosea ni kusubiri. Nilikuwa nasubiri masika, na viriba vikakaa kivulini miezi mitano. Juu miche ilikuwa mizuri, ina urefu wa kiganja na nusu. Siku ya kupanda, Aprili 2015, nilikuta baadhi imeshatoboa kiriba na kujishikiza ardhini, nikaing'oa kwa nguvu, ikakatika huko chini nisikokuona. Mingine nilipochana plastiki nilikuta mzizi umejizungusha ndani ya kiriba kama kamba kwenye ndoo ya kisimani. Nikaipanda hivyohivyo. Nani atautupa mche ulioulea mwenyewe?

Miwili nikawagawia walimu wenzangu, minne haikuvuka mwezi. Iliyobaki mitatu niliipanda uani na kuipenda mno. Mmoja ulianza kugeuka njano, nikafikiri una kiu, nikauongezea maji. Ukazidi njano, nikazidi maji. Nilikuja kuung'oa kwa hasira nikakuta mzizi mweusi, unanuka. Shimo nililochimba kwenye jiwe lilikuwa bakuli, maji hayana pa kutokea, na mkwaju unavumilia karibu kila kitu isipokuwa kusimamisha miguu majini. Kwa ufupi, niliuzamisha mti wa nchi kavu kwa maji ya kununua, tena ya deni. Wa pili aliula mbuzi. Wa tatu ulisimama bila kukua wala kufa, miezi saba, kisha siku moja ukawa kijiti.

Bibi nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. "Nani aliwahi kuona mkwaju ndani ya kopo?" akasema. Akanipa mbegu nyingine, safari hii bila hata kuzihesabu.

Novemba ile, vuli ilipoanza, nilimwita kijana mwenye mtaimbo. Nikamwonyesha mahali: mpakani upande wa magharibi, mita tisa kutoka ukuta wa nyumba, mbali na chemba, na juu hakupiti waya wa umeme. Mkwaju mzima huweza kutandaza matawi mita kumi na zaidi, kwa hiyo mwenye kiwanja cha hatua chache na choo katikati asiuguse, atanilaumu bure. Nikamwambia apige mpaka mtaimbo uzame. Alifika karibu na goti akiwa anatoa mawe tu, ndipo ukaingia kwenye ufa wenye udongo mwekundu. Hapo nikamwambia basi. Tulirudishia ule udongo wake mwenyewe pamoja na samadi kidogo, nikamwagia ndoo nzima na kusubiri, ikanywewa. Nikafukia mbegu tatu, kina cha pingili ya kidole, nikazungushia miiba.

Zilitoka mbili, nikaacha moja.

Viangazi viwili vya mwanzo niliupa dumu la lita tano kwa wiki, basi. Dumu nililitoboa kwa msumari chini, nikaliegesha ubavuni mwa mche, likawa linatona taratibu mpaka jioni. Pembeni nilitandaza majani makavu ya mnazi kuziba jua. Baada ya hapo sikuumwagilia tena, na mpaka leo sijaumwagilia.

Ukakua? Ndiyo hapo sasa. Wataalamu husema mkwaju huongeza sentimeta 60 hivi kwa mwaka. Wangu haukuwasikia hao wataalamu. Mwaka wa pili ulikuwa unanifika gotini. Jirani wa vitumbua, ambaye ndio kwanza alikuwa amehamia, akawa ananisalimu kwa kejeli juu ya ukuta: "Mwalimu, uyoga wako hujambo?" Kisha siku akagundua uyoga ule ni mkwaju, kejeli ikaisha, akaja rasmi, amejifunga kanga mbili, na akakataa kukaa.

Alikuwa na mashtaka mawili. La kwanza lilikuwa la wenyewe: yeye ana watoto wadogo, na mti uko mpakani, hao wageni watajuaje ukuta unaanzia wapi? La pili lilikuwa la bati. Anakinga maji ya mvua, na majani ya mkwaju ni madogo, yataingia kwenye gata, kutoka gata kwenye tangi, na yeye maji yale ndiyo anakorogea unga wa vitumbua. Shtaka la kwanza nilikuwa na majibu yake. La pili sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki kabisa. Nikajifanya nimekasirishwa na la kwanza ili tusilifikie la pili. Tulinuniana karibu mwaka mzima, watoto wetu wakiwa wanacheza pamoja.

Mwaka 2018 tulitaka kuchimba shimo jipya la maji taka. Fundi alichagua mahali pasipo na jiwe sana, hatua tatu kutoka kwenye mti. Alichimba siku mbili. Siku ya pili adhuhuri akaniita: "Mwalimu, njoo uone hiki kitu." Alikuwa amezama, kichwa chake kiko chini ya usawa wa ardhi, na mbele ya uso wake, kwenye ufa wa jiwe, ulikuwa umepita mzizi mnene kuliko kidole gumba. Akaugusa kwa ncha ya sururu. Ulikuwa umelowa. Chini ya miguu yake ule mzizi ulikuwa bado unashuka.

Niligeuka kuutazama mti. Ulikuwa unanifika begani.

Nilikaa ukingoni mwa lile shimo nikiwa nimesahau sufuria jikoni. Miaka yote ile niliyokuwa naupima kwa macho, nikiuonea haya mbele ya jirani, mti haukuwa umelala. Ulikuwa unajenga, ila ulianzia upande ambao mimi siuoni. Na ile miche ya kwenye viriba, niliyoiona imestawi kwa sababu juu ilikuwa na majani mengi, nilikuwa nimeikunjia kitu chake cha kwanza na cha lazima. Shimo tukalifukia, tukachimba jingine kona ya mashariki, kwenye jiwe tupu, kwa gharama ambayo sijamtajia baba watoto yote.

Baada ya hapo ukaja juu kwa kasi ya kunishangaza. Matawi ya mkwaju hayavunjiki ovyo. Kusi ikivuma Julai yanapinda na kurudi, wakati mpapai wa jirani wa nyuma ulilala chini mara mbili. Vuli ya 2021 ilipotukosa, mwarobaini wote barabarani ulikuwa umejaa vumbi na kupauka, mkwaju ukaangusha majani kidogo, ukabaki kijani. Bomba nalo lilishatufikia wakati huo, maji ya bwawa la Mabayani, yanayotoka Mto Zigi kule Usambara Mashariki. Sikuwahi kuuelekezea mpira wa maji hata siku moja.

Suala la gata lilimalizika hivi. Nilimnunulia jirani wavu wa chuma, fundi akaufunga juu ya gata lake lote, na kila mwaka kabla ya masika napogoa matawi ya upande wake yanayolielekea bati. Napogoa kwa msumeno, siyo panga, kwa sababu panga huacha kidonda kilichochanika. La wenyewe halikuzungumzwa tena. Ila siku moja asubuhi nilichungulia nikaona amehamisha jiko lake kutoka barazani, amelileta ukutani, na benchi la wateja liko chini ya matawi. Sikusema kitu. Baadaye akaanza yeye: "Hapa pana upepo, Mwalimu." Nikamwuliza na wageni je? "Wanakula vitumbua kama watu wengine."

Matunda ya kwanza yalikuja 2023, mwaka wa nane tangu mbegu. Mwenye haraka anaweza kutafuta mche uliobebeshwa, yaani uliopachikwa kikonyo cha mti unaozaa, huo huzaa mapema zaidi, miaka mitatu minne. Maua yake ni madogo, manjano yenye michirizi myekundu, usipoinua kichwa hutayaona. Ganda huchukua miezi minane mpaka kumi kuiva, na wakati wote huo watoto wa mtaa mzima hukaa wanalipima kwa meno. Mabichi huchovya kwenye chumvi na pilipili, nikisikia tu mate yananijaa. Yaliyoiva mwaka ule hayakujaza hata ungo. Nilitia kwenye samaki wa nazi, Ramadhani nikapata magudulia machache ya juisi, na makapi nikasugulia birika la shaba la marehemu shangazi, likang'aa kama jipya. Mwaka uliofuata nilimgawia jirani nusu gunia. Anatengeneza chatine ya bajia, maana siku hizi jioni ameongeza bajia, ingawa jioni kivuli ni changu na yeye huungua.

Chini ya mti nimejaribu kupanda mchaichai, ukafa. Nikajaribu maua ya mapambo, yakanyong'onyea. Nimeacha. Nafagia, natandika mkeka, nasahihishia madaftari hapo. Chumba cha watoto sasa kinalalika, ingawa wawili kati yao wameshaondoka nyumbani.

Tatizo nililonalo sasa ni mbegu. Watoto wanakula na kutema. Mwezi uliopita niliona mche umechomoza pembeni kabisa mwa chemba, penye ufa wa saruji, una majani manne tu na urefu wa kidole. Pale hapawezekani. Nikaushika kwenye shina nikavuta. Haukuja. Nikaushika kwa mikono miwili, nikakanyaga ukingo, nikavuta kwa nguvu zangu zote, jirani akiwa ananitazama juu ya ukuta na upawa wake mkononi. Ukakatika. Leo asubuhi umechipua, machipukizi mawili.

"Mwalimu," akasema, "niite fundi?"